Samaki Wenye Vitambulisho: kisa cha utani uliotoka nje ya grupu

Voisi yenyewe haikufika dakika moja. Sauti nzito ya kiume, yenye mwendo wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, inatangaza kwamba Ziwa Tanganyika linafungwa kuanzia Jumatatu na shughuli zote za uvuvi zinasitishwa hadi itakapotangazwa tena. Halafu, bila kubadilisha mwendo, inaendelea: samaki wote wanatakiwa kurudi makwao wakiwa na vitambulisho vya taifa, migebuka wapange foleni upande wa kulia, na dagaa wasio na wazazi waripoti kwa mwenyekiti wa mtaa. Fundi simu mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, aliitengeneza kwa programu ya akili mnemba akairusha kwenye grupu la wenzake aliosoma nao sekondari. Watu wakacheka. Jumatatu ilipofika, mama mmoja mfanyabiashara wa Kibirizi alikuwa na magunia ya dagaa aliyoyanunua kwa bei ya juu kupita kiasi, na mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, umeshaanza kuhesabu siku.

Waliokisikia kisa hiki mitaani walikimbilia hukumu mbili. Wazee walisema vijana hawana adabu. Vijana walisema akili mnemba italeta balaa. Mimi ni mwanagrupu, mazungumzo yote ninayo kwenye simu isipokuwa voisi yenyewe (nitaeleza kwa nini), na nikiyapitia mstari kwa mstari naona pande zote mbili zilibisha hodi nyumba isiyo yenyewe. Majina ya wahusika nayaacha.

Watu na mbalamwezi

Grupu lina fundi simu, mwalimu wa shule ya msingi anayekaa Mwandiga, dereva wa fuso, muuguzi, wawili waliohamia Dar es Salaam ambao kazi yao ni kutuma picha za foleni, na mmoja anayeishi Tabora, ambaye ndiye tunayemshambulia sana. Mazungumzo hayana ajenda. Asubuhi mtu analalamika kuwa bando limekwisha usiku naye alikuwa amelala. Mchana ni mpira na habari za mjini. Jioni mtu anauliza dumu la mawese limefika bei gani. Usiku ni utani wa mwisho wa reli.

Utani huo ni wa zamani na kila mmoja anaujua kwa moyo. Mtu wa Tabora hutuambia ustaarabu ulichelewa kutufikia kwa miaka miwili, maana reli ilifika kwao 1912 na kwetu 1914. Sisi humjibu kwamba Tabora treni inasimama kwa sababu njia inagawanyika, moja ya Mwanza na nyingine ya kwetu, wala hakuna anayekwenda Tabora, watu wanapitia tu. Akizidiwa huhamia kwenye meli. "Liemba yenu Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiopoa 1924. Meli imeokotwa chini ya maji, bado mnaisifia?" Siku moja muuguzi alimjibu: "Angalau ya kwetu ilipata pa kuzama. Ya kwenu ingezama wapi, kwenye mzinga wa asali?" Hajawahi kununa mtu. Tunajuana sauti. Tunajua nani husema kweli huku akicheka, na nani akianza kuchekacheka ovyo ujue ana jambo zito nyumbani. Anayevuka mpaka huambiwa "kausha", na anakausha.

Kisa chote kimesimama juu ya jambo hilo. Ukiuchukua ujumbe mmoja wa grupu letu na kumsomea mtu wa nje, mara nyingi hautachekesha, na mara nyingine utaonekana matusi au habari ya kweli. Kinachoufanya uwe utani ni majibu yanayoufuata na kumjua aliyeutuma. Hivyo viwili havisafiri.

Ilikuwa mapema 2025, siku za mbalamwezi. Asiyeishi ziwani huenda asijue maana yake: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, kwa hiyo vyombo hupumzika na mwalo, yaani ufukwe wanakoshushia samaki, unapoa. Dereva wa fuso hana mzigo. Wateja wa fundi simu, wengi wao wavuvi, hawana hela. Basi wote wako kwenye simu. Fundi akaandika kwamba amepata programu inayogeuza maandishi kuwa sauti ya Kiswahili safi. Mwalimu akamwambia hiyo chai, zile sauti huwa zinatamka maneno kama mtu aliyeng'olewa jino jana. Fundi akajibu neno moja: "Subiri." Baada ya muda mfupi voisi ikaingia.

Majibu yalikuja hivi:

Muuguzi: "Dagaa wasio na wazazi jamani! Nimecheka mpaka mgonjwa kaamka."

Mtu wa Tabora: "Na kuhe wa Burundi wanaingia kwa pasipoti au kwa kujuana?"

Mwalimu: "Sauti nimeikubali. Ila msikilizeni vizuri, huyo jamaa hapumui. Kasoma tangazo zima kwa pumzi moja."

Dereva: "Ngoja nimrushie shangazi, atavunjika mbavu."

Hakuna aliyemwambia asirushe. Wala, kwa haki, sioni kwa nini wangemwambia. Wakati ule lilikuwa wazo zuri.

Njia iliyopitia

Shangazi wa dereva huwapokea wavuvi ufukweni, ananunua dagaa wabichi, anawaanika kwenye vichanja, kisha anawapakia kwenye magunia kwenda kwa wateja wa bara, mkubwa wao akiwa Tabora. Simu janja anayo, lakini spika yake iliwahi kuingia maji na tangu hapo inakoroma. Dereva alimwandikia: "Shikamoo shangazi. Sikiliza hilo tangazo", akaweka kikatuni cha kucheka, akazima data kulinda bando. Shangazi alisema baadaye kwamba kikatuni alikiona, lakini mtoto yule huweka vikatuni vya kucheka hata kwenye taarifa za misiba.

Alisikilizia mwaloni, kwenye upepo, watu wanabishana bei pembeni. Sentensi mbili za kwanza alizipata vizuri. Ile ya tatu aliipata nusu: "…wakiwa na vitambulisho vya taifa". Hapo ndipo alipoamini kabisa. Kipande kilichotuchekesha sisi ndicho kilichompa yeye uhakika, na ukifikiri huwezi kumlaumu. Tuko katika nchi ambayo laini za simu zilisajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 zile ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Kama laini inadaiwa kitambulisho, mvuvi ataachwaje?

Na ziwa kufungwa hakukuwa hadithi. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolichangia: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Shangazi miezi ile ilimkuta hana akiba. Alikaa akiwatazama wenzake waliokuwa na stoo wakiuza kwa bei waliyojisikia, akaapa kwamba safari nyingine haitamkuta hivyo. Kwa hiyo aliposikia "Jumatatu" alipiga hesabu ya mfanyabiashara, kwa kumbukumbu ambayo ilikuwa ya kweli tupu. Wanaosema mama yule ni mjinga wa mitandao hawajawahi kukosa mzigo wakati wa uhaba.

Alikopa kwa watu wa kausha damu, akaanza kununua dagaa wakavu kutoka kwa wenzake wa mwalo mwingine. Kisha akafanya jambo la wema, na wema huo ndio uliokikuza kisa. Aliandika kwa mkono wake kwenye grupu la akina mama wa dagaa: "Jamani ziwa linafungwa Jumatatu, tangazo nimelisikia kwa masikio yangu. Mwenye kujipanga ajipange."

Tuangalie kilichotokea hapo. Ujumbe unaosukumwa kutoka simu hadi simu WhatsApp huuwekea alama kuonyesha kwamba umesambazwa. Ikianza 2018 ilikuwa mshale mmoja, baadaye ukaja mshale wa mara mbili kwa ujumbe uliopita mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unaweza kuusukuma kwa mtu au grupu moja tu kwa wakati. Ulinzi huo wote unategemea mtu awe mvivu, abonyeze tu. Shangazi hakuwa mvivu. Alisikia, akaelewa alivyoelewa, akaandika upya. Ujumbe wake ulizaliwa safi, hauna mshale, una jina la mama anayeheshimika mwaloni, na umeacha nyuma migebuka, foleni na yatima wote. Voisi ya fundi iliishia kwenye simu ya shangazi. Kilichotembea mjini ni mstari mmoja ulioandikwa na mtu mkweli.

Bei nayo ikafanya kazi yake. Mbalamwezi ilikuwa tayari imepunguza dagaa. Wanunuzi watatu wanne wakishindana kwa mzigo huohuo, bei ikapanda siku hiyohiyo. Aliyekuwa na shaka akauliza bei, akakuta imepanda, akasema basi ni kweli. Na yeye akanunua.

Kesho yake usiku, mtu wa Tabora, yuleyule aliyeuliza pasipoti za kuhe, aliandika kwenye grupu letu: "Nyie watu wa mwisho wa reli, kumbe ziwa linafungwa kweli? Mama mwenye duka la dagaa hapa mtaani kaambiwa na watu wake wa huko." Mimi nauona huu kuwa mstari muhimu kuliko yote katika mazungumzo haya. Alikuwa ameisikia voisi. Aliicheka. Iliporudi kwake kwa njia ya duka, hakuitambua. Wa Dar mmoja akasema labda serikali imewahisha safari hii. Muuguzi akaanza kueleza faida za kuacha samaki wazaliane. Ni mwalimu aliyeuliza: "Subirini. Hilo tangazo alilitoa nani?" Grupu likanyamaza, na juu ya skrini ikaonekana fundi anaandika, anaacha, anaandika, anaacha.

Kufuta kulikoharibu zaidi

Fundi hakuandika kitu. Alirudi juu, akaifuta voisi kwa wote. Zamani asingeweza, maana muda wa kufuta ulikuwa kama saa moja. Tangu 2022 WhatsApp imeuongeza hadi zaidi ya siku mbili, na yeye alikuwa bado ndani ya muda. Dereva akamuiga, akaifuta na ile aliyomtumia shangazi. Ndiyo maana mimi sina voisi na hapa nasimulia kwa kumbukumbu.

Jumapili asubuhi shangazi alitaka kumsikilizisha mwenyekiti wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) wa mwalo, aliyekuwa akishangaa tangazo gani hilo ambalo yeye halijamfikia. Akafungua simu, akakuta maandishi tu kwamba ujumbe umefutwa. Mtu mwenye akili timamu angehitimisha nini? Akina mama walihitimisha kwamba siri ya serikali imevuja na aliyeivujisha kaogopa. Walioficha walidhani wanaondoa uongo mtaani. Waliondoa ushahidi pekee kwamba ilikuwa mzaha. Kama dagaa yatima wangebaki kwenye simu ile, mwenyekiti angesikiliza mpaka mwisho, angecheka au angetukana, na habari ingefia pale mwaloni kabla ya saa nne.

Mwalimu naye aliandika masahihisho marefu, yenye salamu, utangulizi na hitimisho, akaomba tuyasambaze. Niliyasambaza. Hayakufika popote, nani anasukuma barua ya kurasa mbili kutoka kwa mwalimu asiyemjua? Kilichofanya kazi ni dereva kupanda bodaboda mchana wa jua kali mpaka Kibirizi, kumwamkia shangazi, na kumweleza uso kwa uso. Hakuitikiwa marahaba. Alishikwa mkono akapelekwa kwa mwenyekiti, akarudia maneno yake, na mwenyekiti akatangaza kwa kipaza sauti kwamba ziwa halijafungwa na mwenye tangazo amletee lenye muhuri. Jioni ile bei ilishuka. Siku chache mbele mwezi ukapungua, vyombo vikarudi majini, ikashuka tena.

Nani alipe

Shangazi aliomba aunganishwe kwenye grupu. Salamu yake ya kwanza ilikuwa: "Shikamooni wakubwa wangu." Mtu mzima anakuamkia, utaitikia nini? Hakuna aliyeandika kitu mpaka mwalimu alipoandika, "Mama, tusamehe, shikamoo," na wengine wakafuata kwa mstari kama watoto wa darasa la kwanza.

Alipotoka (alijitoa mwenyewe, akisema bando lake ni la biashara) mzozo ukaanza. Dereva: aliyetengeneza ndiye alipe. Fundi: mimi nilirusha kwa watu kumi na kitu wanaonijua, wewe ndiye uliyeitoa nje. Mmoja wa Dar akaleta Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kututisha, kwamba kifungu cha 16 kinasema faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja, na kwamba hata shangazi hayuko salama kwa kuwa ndiye aliyeandika. Adhabu aliitaja sawasawa. Alichoruka ni kwamba kifungu hicho kinamlenga anayechapisha akijua kwamba habari ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha umma au kukashifu, kutisha na mengine ya aina hiyo. Shangazi aliamini kila herufi aliyoandika. Fundi alijua ni uongo, lakini nia yake ilikuwa kumnyamazisha mwalimu. Hata hivyo nia huthibitishwa mbele ya mtu ambaye hajawahi kuketi na sisi, na kwa ushahidi ambao wahusika walishaufuta. Hapo hofu ya mtu wa Dar ilikuwa na msingi, japo hakuufikia yeye.

Upande wa deni, mimi niko pamoja na fundi kwa sehemu kubwa. Dereva alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna mwingine alikuwa navyo: alijua ni mzaha, na alijua shangazi anaishi kwa dagaa. Kati ya watu wote kwenye simu yake alimchagua yule ambaye kwake habari ile haikuwa ya kuchekesha hata kidogo, akazima data. Angesubiri marahaba tu, angegundua. Kumtania mtu juu ya mlo wake inawezekana, tena hapa kwetu inafanyika sana, lakini unakaa pale mpaka umuone amecheka.

Fundi hana dhambi kubwa, ana kosa la ufundi. Aliweka tangazo mbele na kichekesho nyuma, kwa sauti iliyotengenezwa isitofautiane na ya kweli. Mzaha wa namna hiyo unamtegemea msikilizaji afike mwisho, na spika yake iwe nzima. Angeanza na migebuka kwenye foleni, mtu akikatisha katikati angekuwa ameshajua. Tangu wakati ule ndivyo anavyofanya. Voisi yake ya hivi karibuni kuhusu mgawo wa umeme ilianza na nguzo za umeme kudai likizo, na hakuna aliyenunua mishumaa.

Mwalimu alitaka sheria: marufuku voisi za kutengeneza, marufuku habari zisizo na chanzo, na waandike maadmini peke yao. Zilikubaliwa kwa kauli moja na zilidumu mpaka mechi iliyofuata. Mimi nilizipinga na bado nazipinga, kwa sababu ndani ya grupu hakuna lililoharibika. Kati ya walioisikia voisi ikiwa na vicheko vyake, hakuna aliyenunua gunia.

Deni lilimalizwa hivi. Dereva alibeba riba yote ya kausha damu, kwa awamu, na usafiri wa mzigo mpaka Tabora bure. Fundi alibadilisha spika ya simu ya shangazi na kuweka kioo kipya juu yake. Mtu wa Tabora alizunguka na sampuli madukani mpaka magunia yakaisha, kwa bei iliyorudisha mtaji bila faida. Mteja mkubwa wa shangazi kule hakurudi. Anachukua mzigo kwa mwingine, na anasema hana ugomvi na mtu.